Kikapu Yenye Ilibakia Kenya

Mutaa ya Kenya, Lubumbashi, tarehe 8 mwezi wa tisa 2025

Sephora mutoto yangu,

Jambo mama. Usishangae kuona barua mu mukono ya Dédé, sawa vile tuko mu wakati ya bankambo, bazee yetu ba zamani. Telefone yangu nimeizima, nitakuambia juu ya nini. Na yako, kila nikipiga, bwana yako Hénoc njo anajibu. Unajua siwezi kusema na mukwe mu sikio. Bado hajaleta mbuzi ya desturi, ya kuondosha haya kati yetu, na miye siko mwanamuke ya kuruka desturi juu ya telefone. Basi Dédé anapita Kasumbalesa kila juma na bisi yake, atatubebea.

Sasa sikiliza. Bale bantu ba Kamata-Leo banasema niko na deni yao. Deni ya congélateur, ile friji ya kugandisha. Ileile ya mwezi wa tano, yenye tulichagua siye babili mu telefone yangu, weye unabonyeza, miye nasema ndiyo, ndiyo. Kamata leo, lipa kidogo kidogo kila mwezi. Unakumbuka vile ilifika na plastiki yake, majirani bote ku mulango. Na unakumbuka vile ilikufa mbele juma haijaisha, na samaki yangu yote ya kuuzisha ku soko ikaoza mule ndani, harufu mpaka kwa Mama Victorine.

Nilifanya vile contrat, mapatano yetu, inasema: kintu ikiharibika, rudisha mbele mwezi haijaisha, deni inakufa. Nilirudisha. Hénoc mwenyewe, agent yao, njo alikuya kuichukua na camionnette. Weye ulikuwa pale. Miye nilikimbilia nyuma ya nyumba, kitenge mu kichwa, nikaikala pembeni ya makala ya kupikia mpaka gari iende, juu mukwe asinione na miye nisimuone. Nilisikia tu sauti: "Inua polepole, utaponda mukono yangu." Nyuma nikakutuma umuombe karatasi ya kuonyesha amepokea. Ukaniambia, "Mama, mukwe habamuombi karatasi. Ni kumuita mwizi." Nikaona uko na haki. Nilifurahi ata, nikasema mutoto yangu anajua heshima.

Sasa karatasi hiyo njo banataka. Banasema congélateur iko kwangu, sijalipa ata mwezi moja, na amende, faini ya kuchelewa, inapanda kila juma. Message asubuhi, message mangaribi. Mwenye ananipigia ni kijana, sauti ya mutoto ya masomo, lakini anasema, "Mama, utalipa ama tutakutangaza." Nilimuambia congélateur ilirudi. Akacheka. Njo juu ya ile nilizima telefone.

Muombe bwana yako, kwa heshima, aandike maneno mawili tu: nilichukua congélateur kwa mama mukwe, nikapeleka ku dépôt ya Kamata-Leo. Atie jina yake chini. Basi, nilale.

Na tumbo? Unakula? Usibebe maji ya nzito.

Mama yako,
Constance Ngalula


Kasumbalesa, tarehe 15 mwezi wa tisa 2025

Mama,

Nimepata barua, nikaisoma na Hénoc. Anakusalimia sana, anasema pole. Anasema congélateur aliipeleka ku dépôt ya njia ya Luano siku ileile, akaiacha na zingine zenye zilikufa. Ile karatasi atatafuta. Tangu kazi ilimuhamisha huku, bintu yake mingi ingali mu makartoni.

Vraiment mama, usihangaike. Anasema bale ba bureau ni masini tu, ordinateur, inabasukuma. Ordinateur isipoona feza inaingia, inalia. Ukilipa kidogo, ata kidogo sana, itanyamaza, na yeye atapata wakati ya kutengeneza. Miye pia naona vile. Lipa kidogo, ulale.

Huku jua ni kali na vumbi haiishi. Musitari ya makamyo yenye kungojea kuvuka Zambia inafika mpaka nyuma ya nyumba yetu, bachauffeur banapika chini ya magari. Nimeanza kubauzishia maji ya baridi na jus mu sashe. En tout cas inauzika muzuri. Kufika saa sita yote imeisha, na bangali banapiga mulango banauliza barafu. Kwa hiyo usifikiri ya kuwa nalala njaa.

Ulisema utakuya kuniangalia mwezi wa kumi. Ngojea kwanza mama. Chumba ni moja, weye na Hénoc mutapishana wapi? Nikikaribia kuzaa njo nitakuita.

Tumbo inapiga teke. Bamama ba huku banasema ni mwanamuke. Kama ni mwanamuke, jina unaijua. Ngalula haitoki mu nyumba yetu.

Mutoto yako,
Sephora


Kenya, tarehe 6 mwezi wa kumi 2025

Sephora,

Nililipa. Kidogo, vile mulisema. Nilitosha mu feza ya samaki. Kesho yake niliwasha telefone, yule kijana akanipigia, sauti ya furaha: "Asante mama, sasa tumesikilizana, umekubali deni." Nikamuambia sikukubali kintu, nililipa juu munyamaze. Akasema, "Mwenye hana deni analipa nini?" Nikakata telefone, juu ata miye ningesema vile.

Jumapili, nyuma ya misa, Mama Victorine akanivuta pembeni akanionyesha telefone yake. Mule ndani ni sura yangu, ile photo ya carte yenye tulitia mu contrat, na chini maneno: Constance Ngalula, Mama ya Sephora, alikamata bintu na anakataa kulipa, mumuambie. Ilifika kwa bote benye bako mu telefone yangu. Padri. Chorale nzima. Bale ba soko. Mpaka fundi ya viatu mwenye nilimupigia mara moja. Unakumbuka mu application ile fasi yenye iliuliza kama banaweza kuangalia majina yote ya telefone? Weye ulibonyeza ndiyo. Ulisema bila hiyo haiendelee.

Likelemba bameniondoshea. Kisanduku ya feza ya bamama, yenye tunatia kila juma na kupeana kwa zamu, ilikuwa kwangu tangu baba yako angali muzima. Hakuna ata moja mwenye alisema neno mubaya. Victorine alisema tu, "Mama Sephora, pumuzika kidogo," akaikamata juu ya meza yangu. Nikamupatia na ufunguo. Aliniaga muzuri, na miye kwa haya sikumusindikiza.

Lakini sikukufa. Syntiche, yule avocate, wakili mwenye anaimba na siye mu chorale, alikuya kwangu mwenyewe. Alinigombeza sana. "Mama, deni yenye haiko yako, usilipe ata kidogo. Na usibishane nabo mu telefone, maneno ya telefone inapotea. Andika: napinga hii deni, kintu ilirudi, na alichukua muntu yenu. Peleka na mukono yako, bapige kashe, muhuri yabo, juu ya copie yenye inabaki kwako. Ile yenye ulilipa, tutaandika ulilipa kwa kuogopeshwa. Na nani alikufundisha kulipa kidogo?" Sikutaka kutaja mukwe.

Nikaenda ku dépôt. Mukubwa ya pale, Monsieur Ariel, ni muntu mupole. Alinifungulia hangar yote. Congélateur yangu haikuingia mule ata siku moja. Kintu yenye kurudi inapita mu mukono yake mwenyewe, anasema, na Hénoc anajua vile. Amenipa mpaka mwisho ya mwezi: nimuandikie ni nani alichukua congélateur, nilete na kintu ya kuhakikisha, basi deni itatoka kwangu na kwenda kwa huyo.

Nilimutetea Hénoc, Sephora. Nilisema labda bezi balimunyanganya mu njia, kijana akaogopa kusema. Njo vile? Nijibu weye, siyo yeye. Hii siko naomba tena juu ya kulala. Kama mwezi inaisha vile, nitabaki mwizi mu Kenya mpaka kufa.

Mama yako,
Constance Ngalula


Kasumbalesa, tarehe 13 mwezi wa kumi 2025

Mama,

Pole na ile ya Mama Victorine. Nililia.

Usimuandikie kintu yule Ariel. Hénoc anasema ni muntu ya hila, anamutafuta tangu zamani amufukuze. Vumilia mama. Makambo kama hii inaishaka yenyewe, bantu banasahau.

Dédé anakuletea feza kidogo na kitenge. Ni feza ya maji yangu, usikatae.

Kintu ingine, ya kidogo tu. Ile kikapu ya chuma nyeupe yenye ilibakia kwako mu jikoni, yenye unatiamo masahani ikauke. Kama haikusaidie sana mupatie Dédé aniletee. Nitatiamo nguo ya mutoto.

Sephora


Kenya, tarehe 19 mwezi wa kumi 2025

Sephora,

Feza yako iko mu bahasha hii. Kitenge pia Dédé anairudisha, sikuikunjua.

Kikapu iko hapa mbele yangu. Nimetosha masahani, nimeiweka juu ya meza, fasi kisanduku ya likelemba ilikuwa. Siku ile ya kurudisha niliisahau juu nilikuwa nimeitosha kuisafisha ile harufu ya samaki. Iko na kulabu mbili ya kutundika, na hizo kulabu hazishike fasi ingine, zinashika tu ukingo ya ile congélateur. Nguo ya mutoto? Mutoto yangu, Kasumbalesa yenye bintu yote ya Zambia inapita ku mulango yako, umekosa kikapu mpaka uitafute mu jikoni yangu?

Nikakamata barua yako ya kwanza nikaisoma tena. Maji ya baridi. Jus mu sashe. Banapiga mulango banauliza barafu. Usikuye mama, chumba ni moja. Na miye nilikuwa nafurahi kama mujinga. Nilisimulia mpaka ku soko: Sephora anajua kuuzisha, amenifuata miye. Mama muzima, muuzisha samaki, na sikujiuliza ata mara moja barafu inatoka wapi.

Chenye kukukula iko mu nguo yako. Hiyo nilizoea kusema juu ya bengine.

Hénoc ni mutoto ya bantu. Akinidanganya inaniuma, lakini sikumuzaa. Ile neno "mukwe habamuombi karatasi" ilitoka mu kinywa yako weye. Heshima nilikufundisha miye, na weye ukaikamata ukanifunga nayo mikono. Kulipa kidogo, ni weye. Kutoandika, ni weye. Nimekasirika, Sephora, na nikimaliza kukasirika nalia, na nikimaliza kulia naanza tena kukasirika.

Niko na swali moja. Wakati nilikuwa nyuma ya nyumba na kitenge mu kichwa, ninamuheshimu bwana yako, weye ulikuwa mbele na yeye. Ulijua siku ileile gari inaenda wapi, ama ulijua nyuma, mukiisha kufika Kasumbalesa? Unijibu hiyo.

Barua ya Monsieur Ariel nimeiandika, Syntiche ameisoma, iko hapa chini ya kikapu. Congélateur ikirudi ku dépôt mbele mwezi haijaisha, na Hénoc mwenyewe aseme kweli, nitapasula hiyo barua. Sitaki kumuona amefungwa mu buloko. Nataka jina yangu.

Mama yako,
Constance Ngalula


Kasumbalesa, tarehe 26 mwezi wa kumi 2025

Mama,

Sikufikiri itakuangukia weye. Hénoc alisema bale bantu ni batajiri, bataandika imepotea, hakuna mwenye atauliza. Ilikuwa kintu kidogo tu yenye ilikufa ndani, fundi ya huku akabadilisha, ikaanza kugandisha. Mama, ungeona vile inagandisha. Kila siku nilisema nikipata feza ya kutosha nitakuambia na nitakulipia yote. Nilikuwa nahesabu. Halafu bakaanza kukuogopesha, na Hénoc akasema tukirudisha sasa yeye njo atafungwa. Unauliza kama nilijua siku ileile. Mama siku ileile miye

Mama mukwe,

Ni Hénoc. Ninamalizia miye juu bibi yangu amechoka. Unisamehe kukuandikia bila mbuzi, lakini hii ni mwaka ya sasa, na kwa kazi tunasemaka wazi.

Ni kweli nilichukua congélateur kwako na iko hapa. Lakini contrat iko na jina yako na sura yako. Yangu haiko mule. Umelipa ya kwanza, maana yake umekubali, na kwa bureau muntu mwenye amekubali habamusikilize tena. Ukipeleka ile barua utasumbuka bure, na miye nikipoteza kazi sitaweza kulisha mutoto ya bantu. Nitakurudishia Sephora na tumbo yake. Fikiria muzuri.

Kikapu unaweza kubaki nayo.

Mukwe yako,
Hénoc


Kenya, tarehe 31 mwezi wa kumi 2025

Sephora mutoto yangu,

Nimemuambia Dédé hii akupatie weye mu mukono, kule kwa makamyo, siyo ku nyumba.

Jana nilienda ku dépôt na kikapu juu ya kichwa. Sikupanda taxi. Nilipita katikati ya soko, mbele ya bale bote benye bako na sura yangu mu telefone yabo, nikabasalimia moja moja. Monsieur Ariel alileta congélateur ingine ya namna ile, akatundika kikapu. Ikakaa. Nikamupatia barua yangu. Nyuma nikamupatia ile yenu.

Unaona, ile karatasi yenye mukwe habamuombi, mukwe ameniandikia mwenyewe bila kuombwa, na jina yake chini. Alijiona muntu ya maana sana, hakujisoma. Nilifikiri kukata fasi yako, ya juu, nibakie na yake tu. Nilikamata makasi. Syntiche akasema, "Mama, ukikata, batauliza nini ilikuwa pale, na bataacha kuamini yote." Nikaweka makasi. Kwa hiyo maneno yako pia iko ku dépôt, na ni miye nimeipeleka. Ujue vile. Sitaki usikie kwa muntu ingine.

Bamepiga kashe. Deni imetoka kwangu, na ile kidogo yenye nililipa batanirudishia. Juma hii batafika huko na camionnette kuchukua congélateur yabo. Nikamuuliza Monsieur Ariel: na bale bote benye mulibaandikia ya kuwa niko mwizi, mutabaandikia tena? Akaangalia chini. Akasema masini yabo haina message ya namna hiyo. Kutukana inajua, kuomba musamaha haijui. Basi nimeanza miye mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na copie yangu yenye kashe. Bengine banasoma. Bengine banasema, "Tunajua mama, tunajua," na banaangalia fasi ingine. Victorine alisoma mpaka mwisho akanikumbatia. Kisanduku hajairudisha.

Bwana yako anasema atakurudisha kwangu. Asijisumbue, kuya mbele yeye hajakufukuza. Kitanda yako nimetandika, ile ya karibu na dirisha. Kuya na Dédé, usibebe kintu. Hapa utakula, utazaa, na hakuna mwenye atakusemea mubaya mu nyumba yangu, ata miye.

Ile swali yangu sikuulize tena. Nimesoma fasi yenye ulikatikia mpaka karatasi imelegea, na nimeona ukinijibu, jibu yoyote itaniua. Baki nayo.

Ila neno moja, na hiyo usiniombe nibadilishe. Kama ni mwanamuke, mumupe jina ya mama ya Hénoc, ama ya mutakatifu mwenye utapenda. Ngalula, hapana. Jina hiyo nkambo yangu mwanamuke alitoka nayo Kabongo, akanipatia ikiwa safi, na miye nilikuwa naitunza juu ya mutoto yako. Sasa niko naiosha, ku mulango ya bantu, na sijui kama nitamaliza kuiosha mbele mutoto azaliwe.

Fika salama.

Mama yako